Wazazi wa Sigi 💚

ALHAMISI

[18:02] Mama Rehema: Asalaam aleykum wazazi wa Sigi. Jumamosi ndiyo siku ya mwisho ya mashindano ya nyumba za shule. Someni vizuri, sirudii.

[18:04] Mama Rehema: Nyumba ya Mkulumuzi pointi 47. Sisi 41. Pangani 33, Umba 30. Yamebaki mawili tu, mbio za vijiti wasichana na kuvuta kamba. Wa kwanza 10, wa pili 6.

[18:05] Mama Rehema: Tukichukua vijiti na wao wakawa wa pili, bado wanatuzidi 2. Kwa hiyo na kamba tuichukue. Netiboli na ngonjera tulishamaliza kazi, mdahalo msinikumbushe.

[18:07] Mama Rehema: Nahitaji jezi za kijani 12 (vijiti 4, kamba 8), maji, machungwa, na kamba ya mazoezi. Ya shule imelika katikati.

[18:40] Mama Rehema: Naona tiki za buluu. Vidole vimekatika?

[18:51] Baba Shufaa: Mama Rehema tulia. Coastal Union inasubiri ubingwa wa ligi tangu 1988, weye pointi 6 zinakutoa roho.

[18:52] Mjomba Seif: 😂😂😂

[18:52] Mjomba Seif: Wagosi wa Kaya waguseni taratibu tafadhali

[18:53] Mama Rehema: Baba Shufaa machungwa unaleta huleti?

[18:55] Baba Shufaa: Nina mtu Muheza. Tenga moja.

[18:55] Mama Rehema: Moja wanakula viranja tu. Mawili.

[19:03] Baba Nuru: Kamba niachieni mimi. Ila ya nailoni au mkonge?

[19:04] Mama Rehema: Mkonge. Nailoni mwaka jana iliwachubua viganja.

[19:09] Mwalimu Mstaafu: Mkonge uliingia Tanga mwaka 1893. Hindorf, yule Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62.

[19:10] Mjomba Seif: Miche 62 ikajaza mkoa. Sisi jezi 12 tu zimetushinda kutunza

[19:11] Mama Zuwena: Heee. Kwani za mwaka jana ziko wapi?

[19:20] Mama Rehema: Hayo tuyaache. Nauliza nani anajua fundi wa kushona haraka.

[19:22] Baba Shufaa: Ujumbe huu umefutwa

[19:23] Mjomba Seif: Mgosi unafuta nini, tumeshasoma

[19:24] Mama Zuwena: Aliyezikusanya hayumo humu kujitetea. Alitoka kikundini kwa maneno hayo hayo.

[19:26] Baba Shufaa: Nimefuta lakini sijabadili. Jezi zilikabidhiwa kwa mtu mmoja, na kila mzazi alitoa elfu tatu. Na kijiti nacho kilianguka mkononi mwa mwanawe.

[19:31] Mwalimu Mstaafu: Hapo hapana. Nilikuwa pale pale kwenye kona. Hadija alikuwa hajakishika. Na sheria iko wazi, kikianguka kabla mpokeaji hajakishika peke yake, anayekiokota ni mtoaji. Mtoaji alikuwa Shufaa, naye akasimama akalia.

[19:32] Mama Rehema: Jamani

[19:33] Mjomba Seif: Hadija mwaka huu anakimbia wa ngapi?

[19:33] Mama Rehema: Wa nne tena. Mwalimu wa michezo kampanga.

[19:35] Mjomba Seif: Basi tumeshinda. Simbu kule marathoni ya dunia Tokyo 2025 alimpita Mjerumani pale pale kwenye utepe, saa zao sawasawa 2:09:48, ikabidi waangalie picha. Hadija hata picha hatutahitaji 😎

[19:36] Mama Rehema: FUNDI. Nani anajua fundi.

[20:31] Bibi Mwanahawa: 🎤 Ujumbe wa sauti 1:07

[20:33] Baba Nuru: Shikamoo Bibi. Niko kwenye daladala, kelele tupu. Bibi kasema nini?

[20:38] Mama Zuwena: Kasema jezi anazo yeye.

[20:39] Mama Zuwena: Mama Hadija alimpelekea jioni ile ile ya fainali, zina matope, akamwomba amwekee atazipitia. Bibi akazifua. Ziko sandukuni, katia karafuu. Kumi na mbili, kazihesabu leo tena.

[20:40] Mama Zuwena: Kasema humu kaingizwa na mjukuu wake mwezi huu, hakujua kama kuna mtu anatukanwa kwa ajili ya hizo. "Kila siku mnapita barazani kwangu mnanipa shikamoo, hakuna aliyeniuliza."

[20:52] Mama Rehema: Shikamoo Bibi. Tumekusikia. Kesho asubuhi namtuma Rehema aje azichukue.

[20:58] Bibi Mwanahawa: Marahaba. Asije Rehema. Hizi ni amana. Aliyenipa ndiye nitakayempa

[21:30] Baba Nuru: Kamba nimepata, mita 30, mkonge mtupu

[21:31] Baba Nuru: Samahani, ndiyo nimesoma juu

IJUMAA

[07:15] Mama Rehema: Mama Hadija nimempigia mara tatu. Inaita mpaka inakata.

[07:16] Mama Rehema: Fundi wa Ngamiani anasema jezi 12 kwa kesho haiwezekani. Vitambaa vya kufunga kifuani anaweza.

[07:40] Mjomba Seif: Mkulumuzi watatuona timu ya waokota embe

[07:41] Mama Zuwena: Seif leo tafadhali.

[12:50] Mwalimu Mstaafu: Simu si njia ya jambo hili. Aendwe kwake. Na aende aliyesema.

[16:22] Baba Shufaa: Bado anakaa Makorora?

[16:22] Mama Zuwena: Pale pale.

[16:25] Mama Rehema: Nikupitie twende wote?

[16:31] Baba Shufaa: Naenda na Shufaa. Katoka mazoezini sasa hivi, anasema walikuwa wanapeana vijiti na Hadija tangu Jumatatu. Mie sikuwa na habari.

[18:58] Mama Rehema: Baba Shufaa?

[19:20] Mama Rehema: Baba Shufaa vitambaa nilipie au nisilipie? Fundi anafunga.

[19:26] Baba Shufaa: Niko mlangoni. Hodi mbili nimepiga. Taa inawaka

[19:27] Mwalimu Mstaafu: Ya tatu usiiharakishe. Ukikosa jibu inabidi ugeuke.

[19:28] Mama Rehema: Nalipia nusu.

[19:44] Mama Sauda: Wa aleykum salaam. Nilikuwa Lushoto msibani, mtandao shida. Machungwa tunakuja na visu vyetu?