Kakangu alijitetea bila kuapa, sasa yuko gereza la Kamiti. Rufaa itamsikiza upya?

DadaWaKayole
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa wanaojua mambo ya korti, matusi wekeni kando. Kakangu alifungwa miaka 30 na Mahakama Kuu hapa Milimani, Nairobi, kwa mauaji. Aliyemtaja ni shahidi mmoja tu, aliyesema alimwona usiku kwa mwanga wa taa ya duka. Kakangu anasema usiku huo alilala Mlolongo kwa rafiki yake. Alipopatikana na kesi ya kujibu, yaani jaji alipoona ushahidi unatosha kumtaka ajitetee, wakili aliyepewa na serikali alimshauri ajitetee bila kuapa ili upande wa mashtaka usimhoji. Akaongea kidogo tu, hakuita shahidi, akaketi. Notisi ya rufaa iliwasilishwa kupitia gereza ndani ya zile siku 14. Sasa kila nikienda kumwona ananiambia, "Mara hii nitaapa niwaeleze majaji kila kitu." Atapewa nafasi hiyo? Na yule rafiki, ambaye sasa ndio amekubali kuja, anaweza kuitwa?

Jirani_Embakasi
Pole dada. Lakini asiye na hatia anaogopa kiapo kwa nini? Mimi ningeapa mchana kweupe.

KaraniMstaafu
@Jirani umepotoka. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kunyamaza kabisa. Anaweza kuapa na kuhojiwa, kusema bila kuapa, au kukaa kimya, na kimya si kukiri. Ila tusidanganyane: maneno yasiyo ya kiapo hupewa uzito mdogo, maana hakuna aliyeyapima kwa maswali.

Dada, Mahakama ya Rufaa haianzi kesi upya. Majaji watatu watakuwa na rekodi mbele yao, wakili atatoa hoja, wa mashtaka atajibu. Kakako hataapa. Lakini kwa kuwa hii ni rufaa ya kwanza, wana wajibu wa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wao wenyewe, huku wakikumbuka kwamba hawakuwaona mashahidi. Kesi ya Okeno ya 1972 ndiyo kila wakili hutaja hapo. Kwa hiyo ule utetezi wake mfupi utasomwa tena. Tafuta hukumu uone jaji aliushughulikia vipi. Hukumu nyingi ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law.

DadaWaKayole
Ninayo. Kuna mahali jaji anasema mshtakiwa hakuleta yeyote kuthibitisha kwamba alikuwa Mlolongo. Kuhusu taa anasema tu mwanga ulitosha.

KaraniMstaafu
Basi acheni habari ya kuapa, shikeni hizo mbili.

Mshtakiwa akisema alikuwa kwingine, si kazi yake kuthibitisha. Mzigo unabaki kwa upande wa mashtaka, na wakishtukizwa na jambo jipya katika utetezi, sheria inawaruhusu kuomba kuleta ushahidi wa kulijibu. Watasema alilitaja kwa kuchelewa, na hiyo si hoja ndogo. Je, aliwahi kuwaambia polisi kuhusu Mlolongo alipokamatwa?

Kuhusu taa, kesi ya Maitanyi ya 1986 inataka korti ichunguze ilikuwa taa ya aina gani, ukubwa wake, na ilikuwa wapi ukilinganisha na mtuhumiwa. "Ulitosha" ni neno jepesi mno kwa miaka 30. Fungua mwenendo wa kesi, yaani rekodi ya yote yaliyosemwa kortini, soma maswali yote aliyoulizwa shahidi huyo.

ParaligoMtaani
Rafiki wa Mlolongo asiwatie matumaini makubwa. Ushahidi mpya unaweza kuruhusiwa kwenye rufaa ya kwanza, ila mara chache, na swali la kwanza ni kwa nini haukuletwa wakati wa kesi. Mtu aliyekuwa Mlolongo siku zote, simu yake ikiingia? Ngumu. Mjue pia kwamba mkishinda kwa kasoro za utaratibu, korti inaweza kuamuru kesi isikizwe upya badala ya kumwachilia.

Kama hamna pesa za wakili, jaribuni Kituo cha Sheria au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Boda_Roysambu
Na ukikutana na jamaa pale nje ya korti anayesema "namjua jaji", shika njia yako. Wengi wameuza shamba hivyo.

DadaWaKayole
Asanteni sana. Nimepata ukurasa wa yule shahidi. Anasema taa ilikuwa ya duka la ng'ambo ya barabara, na duka lenyewe lilikuwa limefungwa. Hakuna aliyemuuliza zaidi, hata wakili wetu.

KaraniMstaafu
Weka alama ukurasa huo, wakili auone kabla ya kitu kingine chochote. Na ukienda Kamiti, mwombe kakako aandike alimwambia polisi yupi kuhusu Mlolongo, stesheni gani, na kama aliandikisha taarifa. Aandike yaliyotokea tu, asiongeze la kubuni.