Naomba ushauri: ziara ya siku moja kisiwani Rhodes na mama mwenye maumivu ya magoti

Ndugu wanachama, habari zenu, na wakubwa shikamooni.

Mwezi Septemba meli yetu itatia nanga Rhodes, Ugiriki, kuanzia asubuhi hadi jioni, nami nataka kukodi gari na mwongozaji wetu binafsi kwa ajili ya mama, ambaye ana hamu ya kuiona Lindos, mji ulio kisiwani humo, kwa sababu ghuba iliyo chini ya ngome yake hukumbukwa kwa jina la Mtume Paulo, aliyepita Rodo (yaani Rhodes) katika safari inayosimuliwa kwenye Matendo ya Mitume 21:1.

Wenye magari niliowaandikia wamenieleza kwamba dereva anaweza kusimulia njiani, lakini ndani ya magofu sheria inataka mwongozaji mwenye leseni, ambaye hulipwa kando. Lindos iko kiasi cha kilomita 50 kutoka bandarini, na ngome hufikiwa kwa ngazi nyingi za mawe. Wapo punda wa kukodi, ila kumpandisha mama juu ya punda kwenye mawe yale siwezi kukubali.

Je, gari litamfikisha karibu na ghuba hiyo bila kutembea sana? Na malipo ya mwongozaji mwenye leseni yatatufaa zaidi Lindos, au katika mji mkongwe wa Rhodes, ulio jirani na bandari?