Nyanya zangu Dar zinakataa mwaka wa tatu sasa, nipande mwezi gani?

Mwana_Njombe:
Habari za leo wakuu. Nimekulia Njombe. Kule mvua zikianza Novemba unapanda, na mpaka Aprili shamba lina maji. Nilipohamia Dar nilikuja na kalenda hiyo hiyo kichwani. Nina kieneo nyuma ya nyumba huku Goba, hatua kumi kwa nane, udongo wa kichanga.

Mwaka wa kwanza nilihamishia miche ya nyanya shambani mwanzoni mwa Desemba. Ilistawi mpaka majirani wakawa wanaisifia. Januari ikatoa maua, yakapukutika yote. Kikonyo kilikuwa kinageuka njano pale kwenye kifundo, ukigusa tu ua linabaki mkononi. Mwaka wa pili nikasema basi nifuate masika, nikahamisha mwishoni mwa Machi. Aprili mvua ikapiga mfululizo, majani ya chini yakapata madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, ugonjwa ukapanda juu mpaka yakabaki mashina. Dawa nilipiga mara nne, kila nikimaliza mvua inaiosha. Oktoba iliyopita nikajaribu tena. Safari hii nilichuma kidogo, lakini mashina manane yalinyauka yakiwa mabichi kabisa, ndani ya siku tatu.

Muuza pembejeo ananiambia shida ni mbegu, na kila msimu ananiuzia aina nyingine. Mama yangu anakuja kukaa nami Agosti. Amezoea kuchuma mboga kwa mkono wake, sitaki akute mchanga mtupu. Naombeni ushauri.

Kibarazani:
Pole mkuu. Mimi nyanya niliziacha, nimebaki na matembele na mchicha. Mchicha wiki ya nne unakula, hauna masharti.

MamaKigamboni:
Mwanangu, mbegu usiilaumu. Huku pwani mvua peke yake haikuambii wakati wa kupanda nyanya. Hesabu kutoka kwenye ua. Jiulize: siku nyanya yangu ikitoa maua, usiku utakuwa na joto kiasi gani?

Kuanzia Desemba mpaka Machi inavuma kaskazi. Mchana joto linafika nyuzi 32 na zaidi, na usiku nao haupoi, unalala umefungua madirisha yote. Kwenye joto hilo la usiku chavua ya nyanya inaharibika, ua halishiki tunda, mti unaliangusha. Hicho ndicho ulichokiona kwenye kifundo. Mti haukuwa na ugonjwa wowote, ndiyo maana ulikuwa unapendeza.

Masika ikiisha, kusi linashika na kipupwe kinaingia. Juni mpaka Agosti usiku unashuka mpaka karibu na nyuzi 19. Huo ndio wakati wa nyanya Dar. Mimi nasia kitaluni mwishoni mwa Aprili, chini ya paa la nailoni ili matone yasiangushe miche, maana kitalu kikilowa sana, kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche, unaikata kwenye shingo usiku mmoja. Miche inakaa wiki nne. Mwishoni mwa Mei nahamisha, mvua inaondoka, ardhi bado ina unyevu. Maua yanakuja kwenye baridi, Agosti nachuma.

Jembe_Fupi:
Mama kamaliza. Naongeza kuhusu hayo madoa ya mwaka wa pili. Hayo ni bakajani. Vimelea vinakaa kwenye udongo na mabaki ya msimu uliopita, tone la mvua likipiga chini linavirusha kwenye majani ya chini. Tandaza nyasi kavu kuzunguka shina, punguza majani yanayogusa ardhi, na ukimwagilia mwaga kwenye shina, usinyeshee juu.

Na kipupwe kisikulevye: kikikauka, kantangaze, yule kiwavi anayetoboa nyanya, anakuja. Geuza majani kila asubuhi. Ukiona njia nyeupe ndani ya jani kama karatasi iliyotafunwa, chuma jani hilo ukalichome.

Sasa hayo mashina manane ndiyo yananitia wasiwasi. Kama bado unayo, kata kipande cha shina karibu na mzizi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, tulia dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria.

Mwana_Njombe:
Shikamoo mama, asante sana. Mkuu Jembe, shina moja lilikuwa bado limesimama, nimefanya sasa hivi. Uzi umeteremka. Mwembamba, kama moshi ndani ya maji. Kuna dawa?

Jembe_Fupi:
Hakuna dawa ya kuuponya. Ng'oa na udongo wake wa kwenye mizizi, usiutupe kwenye mboji. Eneo hilo usirudishe nyanya, wala ndugu zake: bilinganya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo. Weka mahindi au kunde, misimu kadhaa. Nyanya za mwaka huu zipande kwenye ndoo au viroba, udongo uutoe kwingine, toboa chini, changanya samadi iliyooza vizuri. Na jembe ulilotumia hapo lioshe kabla hujagusa udongo mpya.

SamadiKavu:
Ndugu yangu, maji unatoa wapi? Visima vingi Dar vina chumvi, na kwenye ndoo chumvi inajikusanya haraka. Spinachi inavumilia, nyanya inajitahidi, ila karoti na maharage yanadumaa. Kinga maji ya paa wakati wa masika uyatunze kwa ajili ya kitalu.

Na usisubiri Mei ukiwa umekaa. Sasa hivi kwenye joto hili sia bamia na mlenda, vinapenda jua, bora uvimwagilie. Machi, mvua zikianza, chomeka matembele na sia maboga kwa ajili ya majani, ila inua matuta, maana Aprili maji yanasimama. Chainizi, sukuma wiki na spinachi ngoja kipupwe.

MamaKigamboni:
Na utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa uufuatilie, wa masika wanautoa kabla mvua hazijaanza. Vuli ya 2023 ilikuwa ya El Niño, waliopanda kwa mazoea mabondeni waliona bustani zinaondoka na maji. Masika ikichelewa kuisha, chelewesha kuhamisha wiki moja mbili. Mche mkubwa kidogo utakusamehe.

Mwana_Njombe:
Nimewaelewa. Kisima changu kweli kina chumvi, sabuni haitoi povu. Nitaweka pipa chini ya mfereji wa bati kabla ya Machi. Ndoo kumi ninazo. Kesho asubuhi nang'oa hayo mashina, na bamia nasia upande wa pili ambao haukuwa na nyanya. Mama, nikisia kitalu Aprili nitarudi hapa na picha ya miche, uniangalie shingo zake.

MamaKigamboni:
Ilete mwanangu. Ipige karibu, udongo uonekane.