Watoto wa awali na pateni (mpangilio unaojirudia) za vifuniko, wakitoka kwenye rangi moja moja wanakwama

Mwl_Moro: Habari zenu wadau. Nafundisha awali, watoto wa miaka mitano hivi. Vifaa ni vya kuungaunga ila vifuniko vya chupa za maji na soda ninavyo kiroba kizima. Sasa nikipanga nyekundu bluu nyekundu bluu wanaendeleza mpaka wanagota ukutani, raha tupu. Nikiweka nyekundu bluu bluu, nyekundu bluu bluu, nusu ya darasa wanarudi kwenye moja moja na wengine wanamwaga bluu mpaka zinaisha. Nimerudia mpaka sauti imekauka. Wenye uzoefu nisaidieni.

mama_pacha: Pole mwalimu. Weka vifuniko pembeni kwanza, anza na mwili. Paja, kofi kofi, paja, kofi kofi, wote kwa pamoja, atakayekosea utamsikia hapohapo na yeye mwenyewe atajisikia. Wakishakolea ndo unawaambia paja ni nyekundu kofi ni bluu, wapange huku wanatamka. Kwangu walishika kwa masikio kabla ya macho.

Babu Chaki: Mwalimu mwenzangu, hiyo ya moja moja inadanganya sana. Mtoto anaangalia kifuniko cha mwisho tu, akiona bluu anaweka nyekundu, basi. Hajaona fungu linalojirudia, ndo maana ukibadilisha anapotea. Tafuta trei la mayai, lile la 30, likate vipande vya matundu matatu matatu unapata 10. Kila mtoto ajaze kipande chake nyekundu bluu bluu halafu waje waviunge mstari mmoja sakafuni kama mabehewa. Hapo fungu analishika mkononi. Baadaye toa trei, tenganisha mafungu kwa njiti ya ufagio, mwisho toa na njiti. Kingine, usimuulize "inafuata ipi" wakati umeonyesha fungu mara moja tu, maana baada ya nyekundu bluu bluu chochote kinaweza kuja, hata kijani, na mtoto hajakosea. Onyesha mara tatu ndo uulize.

Mpemba halisi: Mie naongezea kanga. Tandika kanga chini waambie wafuate pindo kwa kidole, wakifika pale ua lilipoanza upya wapige kelele. Wakishazoea funika ua moja kwa mkono uliza hapa chini kuna nini. Haina gharama, mama zao wanazo, na mzazi akiona mwanawe anamchambulia pindo la kanga yake hatosema tena kuwa mnacheza tu.

mama_pacha: Hiyo ya kufunika nimeipenda. Ila jamani wanaotumia maharage na shanga badala ya vifuniko kaeni macho, hawa wadogo wanatia puani fasta.

Mwl_Moro: Asanteni sana, trei nitaomba kwa muuza chipsi jirani hapa. Swali la nyongeza, kuna kadogo kamoja kanaanza bluu bluu nyekundu halafu kananiambia ni ileile. Nikapatie au nikakosee?

Babu Chaki: Kama umemwambia atengeneze ya kwake na anairudia bila kuvurunda, mpe vema kubwa. Kama alitakiwa aige yako, mwambie aisome kwa sauti kuanzia mwanzo na wewe usome yako, asikie zinapotofautiana. Huyo lakini ameshaona kuwa ukianza kusoma mstari wako kwenye bluu ya kwanza unapata wake, mpe na vifuniko vya kijani uone atafanyaje.