Mrejesho: rufaa ya dhamana ya mpwa wangu, Texas
Ndugu zangu, niliuliza kama uamuzi wa jaji wa Texas kukataa kumpunguzia dhamana mpwa wangu, aliyekuwa mahabusu akisubiri kesi, unakatiwa rufaa. Ninawashukuru sana. Mliosema hapana mlikuwa sahihi: katika shauri la Ragston la mwaka 2014, Mahakama ya Rufaa za Jinai ya jimbo hilo iliamua kwamba mahakama za rufaa hazina mamlaka juu ya uamuzi wa aina hiyo kesi ikiwa bado inaendelea. Wakili akafuata ushauri wenu, akawasilisha maombi ya habeas corpus, yaani ya kuitaka mahakama ichunguze kama mtu anashikiliwa kihalali. Jaji aliandika tu "Yamekataliwa" chini ya karatasi bila kusikiliza lolote, na kukataa kwa namna hiyo, jambo lililonishangaza, nako hakukatiwi rufaa. Wakili aling'ang'ania yasikilizwe, na jaji alipopima hoja zenyewe na kuzitupa ndipo haki ya rufaa ikapatikana. Notisi ikaingizwa ndani ya siku 30 zinazoruhusiwa. Dhamana ilipunguzwa, ingawa si hadi kiwango tulichoomba. Hoja kwamba ushahidi hautoshi haikupokelewa kabisa, kwa kuwa hiyo husubiri kesi ya msingi. Kijana ameshatoka, na kesi yake bado haijaanza kusikilizwa.