Noah, Wish au Alphard kwa familia ya watu saba: naomba ulinganisho wa waliozimiliki

Baba Neema, Dar es Salaam

Habari zenu, wakuu. Nyumbani tuko saba: mimi, mke wangu, watoto wanne walio kati ya miaka 3 na 14, na mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua kiasi kwamba hupanda gari kwa kushikwa mkono. Tumetumia Corolla kwa miaka sita, na kwa muda wote huo hatujawahi kusafiri sote pamoja. Tukienda kanisani wawili hutufuata kwa bajaji, na Desemba tunapokwenda Moshi mke wangu hupanda basi na watoto wawili, nami huwachukua waliobaki. Sasa nimeweka fedha ya kununua gari la safu tatu za viti, na majina ninayoyasikia zaidi ni Noah (pamoja na Voxy, ndugu yake), Wish na Alphard.

Kabla ya kunishauri naomba mjue mambo mawili. Kutoka lami hadi kwangu kuna kilomita 2 za vumbi ambazo masika huzichimba mifereji, na gari hilohilo ndilo nitakaloendea kazini kila siku, mara nyingi nikiwa peke yangu. Niambieni hasa yale ambayo muuzaji hayasemi.

Mama Brayan, Arusha

Ndugu Baba Neema, nimekaa na Noah ya mwaka 2004 kwa miaka mitano, na watoto wangu watatu wamekulia humo, kwa hiyo nitaanza na kitu ambacho watu hukipita haraka, nacho ni mlango. Mlango wa kusukuma hufunguka wote hata gari likiwa limebanwa na ukuta, hauchomozi barabarani kumkuta bodaboda anayepita pembeni, na mtu mzima haingii kwa kujikunja, bali anakanyaga ngazi, anashika mpini na kuingia akiwa ameinama kidogo tu. Mama mkwe wangu ana tatizo kama la mama yako. Kwenye gari letu la awali tulikuwa tunamgeuza, tunamkalisha, kisha tunamwingizia miguu mmoja baada ya mwingine. Kwenye Noah alianza kupanda mwenyewe kabla mwezi haujaisha. Wish haina faida hiyo, kwa sababu milango yake ni ya kawaida na paa lake liko karibu sentimita 159 kutoka ardhini, ilhali la Noah liko karibu sentimita 185.

Adui wa mlango huo ni vumbi. Rola zinazotembea kwenye reli hujaa mchanga, mlango unakuwa mzito, watoto wanausukuma kwa nguvu, na mwisho rola ya chini inakatika. Reli isafishwe kwa brashi kavu kila wiki, wala isipakwe grisi nzito, kwa maana grisi ndiyo inayoshika mchanga. Kama mlango ni wa umeme, ujue kwamba waya wake wa kuvutia ukikatika matengenezo si ya bei ndogo. Sisi tulizima swichi tukaendelea kuufungua kwa mkono.

Kuhusu mizigo nitakuwa mkweli zaidi kuliko muuzaji. Safu zote tatu zikiwa na watu, nyuma hubaki nafasi ya mabegi machache yaliyosimama wima, si ya mizigo ya Desemba. Viti vya nyuma hukunjwa na kuinuliwa ubavuni, kwa hiyo hata usipovitumia vinakula upana na kuziba madirisha. Tulilazimika kufunga keria juu ya paa, na gari lenye kimo kile likibeba mzigo juu hulihisi kila upepo wa pembeni. Jambo la mwisho: kagua mikanda yote, safu kwa safu. Kwenye gari letu kiti cha katikati cha nyuma kilikuwa na mkanda wa kiunoni tu, nasi hatukumkalisha mtoto hapo katika safari ndefu.

Fundi wa Gerezani

Mama Brayan amemaliza habari ya mlango. Mimi nitazungumzia injini, kwa sababu jina Noah limebeba magari tofauti, na wengi hununua jina.

Ile ya kwanza ilitoka mwaka 1996 kwa majina ya LiteAce Noah na TownAce Noah. Injini yake iko chini ya viti vya mbele na nguvu inakwenda tairi za nyuma, ndiyo maana huku mikoani inapanda milima ikiwa imejaa abiria na magunia. Kwa familia, hata hivyo, joto la injini liko chini ya dereva, mlango wa kusukuma uko upande wa kushoto peke yake, na injini ya petroli ya 3S ina mkanda wa taimingi (ule unaozungusha valvu za injini) unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, jambo ambalo mwenye gari wa tatu au wa nne hana njia ya kujua kama lilifanyika.

Ya pili, ya mwaka 2001 hadi 2007, ndiyo aliyokuwa nayo Mama Brayan. Injini ilihamia mbele, tairi za mbele zikawa ndizo zinazovuta, sakafu ikashuka na milango ya kusukuma ikawa pande zote mbili. Kasoro yake ni injini ya 1AZ-FSE tunayoiita D4. Petroli humwagwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo haizioshi, na masizi hujijenga hapo mwaka hadi mwaka mpaka gari linatetemeka likiwa limesimama kwenye taa. Pampu yake ya presha na nozeli zake hazivumilii petroli ya kwenye madumu hata kidogo. Inatengenezeka, lakini ipate fundi anayeijua.

Ya tatu, ya mwaka 2007 hadi 2014, ina injini ya 3ZR inayomwaga petroli kwa njia ya kawaida, na kwa mtu wa hali yako ndiyo ninayoipendekeza. Giaboksi yake ni CVT, isiyo na gia za hatua kwa hatua, na inataka mafuta yake maalumu. Nimepokea magari yaliyowekewa mafuta ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ya tofauti ndogo ya bei, yakaanza kulia na kuteleza, na mwenye gari akaishia kununua giaboksi nzima. Usimruhusu mtu yeyote akwambie kwamba mafuta ni mafuta.

Onyo hilo la D4 linaigusa Wish pia: ya kwanza yenye injini ya lita 2.0 ni D4, ile ya lita 1.8 si D4.

Mzee wa Kikuyu, Dodoma

Wish isinyimwe haki yake. Mkuu umesema kwamba siku nyingi utakuwa peke yako kwenda kazini, na kwa matumizi hayo Wish ya lita 1.8 inakula mafuta kama gari dogo. Yangu hunipa kilomita 10 hadi 11 kwa lita mjini na 14 kwenye safari, wakati shemeji yangu mwenye Noah hapati zaidi ya 8 au 9 mjini. Barabarani imetulia, haiyumbi kwenye kona, na haisukumwi na upepo. Tairi za 195/65R15 zinaingia kwenye Wish ya 1.8 na kwenye Noah nyingi, kwa hiyo huko hakuna wa kumcheka mwenzake.

Hata hivyo nisikudanganye kuhusu safu ya tatu. Ni ya watoto. Mtu mzima akikaa pale magoti humfikia kifuani, na kiti hicho kikiwa wazi buti inabaki na nafasi ya mkoba tu. Kwa watu saba hadi Moshi, wawili kati yenu watashuka wakiwa wameumia.

Mwana Mbeya

Nina Alphard ya lita 2.4, ya mwaka 2006. Kwa starehe haina mpinzani kati ya hizi tatu: viti vipana, kiyoyozi kinachofika nyuma, na kelele za barabara hazisikiki. Tunatoka Mbeya hadi Dar es Salaam na watoto hulala njia nzima. Gharama zake ni mafuta, ambayo mjini ni kilomita 6 au 7 kwa lita, na uzito, ambao hula pedi za breki, hasa ukishuka mlima wa Kitonga bila kuteremsha gia.

Kama unaagiza Japani, tazama pia ushuru. Japani gari la daraja la chini halitakiwi kuzidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, kimo cha mita 2 na injini ya sentimita za ujazo 2000, na Noah ya kawaida iliundwa ikae ndani ya vipimo hivyo. Kwetu ushuru wa bidhaa nao hupanda injini inapovuka 2000. Noah ina 1986 au 1998, Alphard yangu ina 2362, kwa hiyo iko upande wa pili wa mstari. Juu ya hapo gari lililozidi miaka 8 huongezewa tozo ya uchakavu, na likizidi 10 tozo hukua. Ingiza kila gari kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla hujalipendelea moyoni.

Mkaazi wa Nyali, Mombasa

Hujambo, ndugu. Huku Kenya sheria hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo Noah na Voxy za zamani tunazonunua ni zile zilizokwisha kutumika humu humu, na nyingi kati ya hizo zilibeba abiria wa kulipa. Nakumbuka mlikuwa na Noah za namna hiyo huko kaskazini mwa Tanzania vilevile. Gari kama hilo hupakwa rangi, likavishwa vitambaa vipya na kuuzwa kama la familia. Inua zulia utazame sakafu: matundu ya boliti mahali pasipo na kiti yanaonyesha kwamba viti viliongezwa. Tazama pia ngazi ya mlango wa kushoto. Ikiwa imelika kupita ile ya kulia, si watoto watatu walioila.

Kijana wa Kinondoni

Samahani kwa kwenda kinyume na wakubwa. Kwa nini mtu amiliki viti vinane mwaka mzima kwa ajili ya safari moja ya Desemba? Angebaki na Corolla na kukodi Noah kwa wiki mbili, nadhani hesabu ingemkalia vizuri zaidi.

Baba Neema, Dar es Salaam

Kijana, swali lako ni la haki, nami nililifanyia hesabu kabla ya kuja hapa. Kama ingekuwa Desemba peke yake ningekodi. Lakini mama ana kliniki kila wiki mbili, Jumapili tunakwenda sote, na watoto watatu wanasoma shule mbili tofauti. Kwa wiki gari letu hujaa si chini ya mara nne.

Kwa maelezo yenu nimeiacha Wish kwa sababu ya mlango na safu ya nyuma, na Alphard kwa sababu ya mafuta na ushuru. Fundi, imebaki ile njia yangu ya vumbi. Nimeshauriwa nifunge spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi, ili Noah inyanyuke. Je, ni salama?

Fundi wa Gerezani

Noah ina takriban sentimita 15 kati ya tumbo na ardhi ikiwa tupu, na mkikaa saba springi zinashuka, ndipo linapokwaruza. Spesa za sentimita 2 au 3 hazina madhara makubwa zikifungwa mbele na nyuma kwa usawa na gari likafanyiwa alaimenti siku hiyohiyo. Wanaoweka 5 na kuendelea wanapindisha drive shafti (chuma kinachozungusha tairi) kupita pembe yake, mipira inayofunika maungio yake inachanika, grisi inatoka, na ndani ya miezi michache gari linalia ukikata kona. Isitoshe ni gari refu kwenda juu na jembamba, kwa hiyo kila sentimita unayoongeza inapunguza utulivu wake kwenye kona. Anza na shokapu mpya na springi za nyuma zilizo nzima, kisha upite njia yako mkiwa wote saba. Huenda usihitaji spesa kabisa.

Baba Neema, Dar es Salaam

Ahsanteni sana. Nimepata Noah mbili za mwaka 2010 hapa mjini. Jumamosi nilikwenda kuziona pamoja na mama. Ya kwanza alishindwa, kwa sababu mpini wa kushikia ulikuwa umekatika na muuzaji alikuwa hajauona. Ya pili alipanda mwenyewe, akakaa nyuma ya dereva, akashuka, akapanda tena. Zulia tumeliinua na sakafu haina tundu. Jumanne gari linapelekwa juu ya shimo la fundi nilitazame tumbo, mafuta ya giaboksi yakaguliwe, na mikanda yote ivutwe mmoja mmoja, ndipo nilipe.