RAV4 iliyofungwa injini ya 3S-GTE inatikisika ikiwa imesimama: ni taimingi au ni hewa?

Mwenye RAV4, Maweni, Malindi

Assalamu alaikum mafundi na wapenzi wa magari. Ninalo gari aina ya Toyota RAV4 la mwaka 1997, ambalo lilikuja na injini ya 3S-FE isiyo na turbo. Injini hiyo ilipoanza kula oili nilinunua 3S-GTE ya kizazi cha pili, ile ya Celica GT-Four ST185, ikiwa na kompyuta yake, waya zake na kipimo chake cha hewa chenye kilango ndani, na gereji moja ya Mombasa ikaifunga.

Gari linakwenda, lakini likisimama linanitia aibu. Mngurumo wa chini, ambao ungepaswa kutulia karibu na mizunguko 800 kwa dakika, hupanda na kushuka kati ya 600 na 1,000, usukani hutikisika, na mara kwa mara injini huzimika ninapoachia mafuta ili kuvuka matuta. Nikikanyaga linavuta, ila kwa uzito. Usiku mmoja, niliporudi kutoka Mambrui na kufungua boneti, niliikuta manifoldi ya ekzosi imeiva nyekundu karibu na turbo, ilhali sikuwa nimekwenda mbio. Geji ya ombwe niliyoifunga kwenye manifoldi ya kuingizia hewa inasoma inchi 13 za zebaki gari likiwa limesimama. Rafiki yangu wa Nairobi mwenye injini kama hii anasema yake husoma karibu na hapo na inanguruma vizuri, kwa hiyo nisihangaike na geji.

Fundi aliipima taimingi, yaani wakati plagi zinapopiga cheche, kwa taa na kusema iko kwenye digrii 10 inavyotakiwa, ingawa niliiona alama ya puli ikichezacheza. Plagi ni mpya. Naomba msaada wa mahali pa kuanzia kabla sijaanza kununua vipuri kwa kubahatisha.

Fundi wa Barani

Waalaikumu salaam. Anzia kwenye plagi hizo mpya. Dukani ukisema RAV4 utapewa plagi za 3S-FE, ambazo pengo lake ni milimita 1.1, na 3S-GTE inataka 0.8. Pengo likiwa pana, cheche hupeperushwa na shinikizo la turbo, na injini humisi. Hakikisha pia kwamba waya za plagi zimefuata mpangilio wa 1-3-4-2, silinda ya kwanza ikiwa upande wa mkanda wa taimingi.

Fundi Stima

Ndugu yangu wa Barani amesema kweli kuhusu pengo, nalo lirekebishwe, lakini pengo pana huonyesha ubaya wake turbo inapokandamiza hewa, yaani gari likiwa linavuta, wala si hasa linapokuwa limesimama. Mimi nimeshikwa na maneno mawili aliyoyaandika mwenye gari karibu kwa kupita tu: alama ya puli inachezacheza, na manifoldi iliiva nyekundu.

Katika injini hii distributa, yaani kigawa cheche cha plagi, hukupa taimingi ya msingi tu, na juu ya msingi huo kompyuta huongeza digrii zake yenyewe kila wakati, hata gari likiwa limesimama. Zile digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa zinahusu taimingi ya msingi, na ili uione ni lazima uiambie kompyuta iache kuongeza, kwa kuunganisha pini za TE1 na E1 katika kisanduku cha uchunguzi, injini ikiwa imepata moto wake wa kawaida na kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Ukifanya hivyo alama hutulia kabisa. Alama ikicheza, maana yake kompyuta bado inaongeza, na namba anayoisoma fundi ni jumla ya vitu viwili. Fundi akizungusha distributa mpaka jumla hiyo iwe 10, msingi wenyewe hubaki chini sana ya 10. Cheche huchelewa, mafuta huwa bado yanawaka wakati vali ya ekzosi inapofunguka, na moto ambao ungemsukuma pistoni unakwenda kuchoma manifoldi na turbo. Ndiyo maana gari ni zito na ekzosi ni nyekundu.

Sasa tatizo la magari yaliyobadilishwa injini, na hili nimeliona hapa Pwani mara nyingi, ni kwamba kisanduku unachokiona chini ya boneti mara nyingine ni kile cha gari la zamani, na pini yake ya TE1 haijaunganishwa na kompyuta mpya hata kidogo. Unaweka waya, hakuna kinachobadilika, na fundi anaendelea na kazi. Fuatilia waya wa TE1 kwa mita kutoka kwenye plagi ya kompyuta mpaka kwenye kisanduku. Usibahatishe pini, kwa sababu humo mna pini ya umeme wa betri pia, na ukiigusisha na athi utaunguza fyuzi au waya.

Ukishaunganisha, itazame taa ya injini kwenye dashibodi, kwani itamweka kwa namba za makosa. Namba 52 ni sensa ya kugundua kugonga kwa injini. Waya wake ukikatika, kompyuta huirudisha taimingi nyuma kwa tahadhari, na utazunguka na distributa mpaka uchoke bila nafuu. Namba 51, ikiwa gia iko huru na kiyoyozi kimezimwa, husema kwamba swichi ya IDL (ya mngurumo wa chini), iliyo ndani ya sensa ya throtoli, yaani ya kilango cha hewa kinachofuata pedali ya mafuta, haifungi pale mguu unapoachia mafuta. Hapo kompyuta haijui kwamba gari limesimama, haiudhibiti mngurumo wa chini inavyopaswa, na taimingi haitatulia kwenye msingi hata TE1 ikiwa imeunganishwa.

Jambo la mwisho kabla hujaiamini taa yako: puli ya krenkshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ya injini hizi ina pete ya nje iliyogandishwa kwa mpira, na mpira huo ukizeeka pete huteleza na kwenda na alama. Toa plagi ya silinda ya kwanza, ingiza kijiti kirefu kisichoweza kuvunjikia ndani, zungusha injini kwa spana mpaka pistoni ifike juu, kisha utazame kama alama ya puli inasoma sifuri. Hapohapo fungua kifuniko cha juu uangalie alama za puli za kamshafti, shafti zinazofungua vali. Mkanda ukiwa umekosewa jino moja hakuna distributa itakayokutibu.

Mwenye RAV4, Maweni, Malindi

Shukrani nyingi, Fundi Stima. TE1 haikuwa imeunganishwa popote. Waya wake ulikuwa umekunjwa na kufungwa tepu nyuma ya kisanduku cha glavu. Tuliuvuta mpaka mbele, tukaunganisha, na taa ikamweka 51. Sensa ya throtoli ililegezwa na kusogezwa mpaka mita ikaonyesha IDL inafunga, na alama ikatulia kwenye digrii 3. Puli ilisoma sifuri sawasawa na pistoni, na mkanda uko kwenye alama zake. Sasa msingi ni 10, geji ya ombwe imepanda kutoka 13 hadi 16, na gari limekuwa jepesi. Kilichobaki ni kwamba mngurumo bado unapanda na kushuka kidogo, na kwenye matuta bado huzimika mara mojamoja.

Mkaazi wa Watamu

Kwanza tumalize suala la rafiki wa Nairobi. Kila unapopanda mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, geji ya ombwe hupungua kwa takriban inchi moja ya zebaki. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, kwa hiyo 13 yake ingekuwa 18 huku kwetu, na 13 yako Malindi ilikuwa ugonjwa. Hata 16 si ya kuridhika nayo.

Kipimo chako cha hewa hupima kile tu kinachopita kwenye kilango chake. Hewa yoyote inayoingia baada ya hapo, iwe kwa mpira uliopasuka, klipu iliyolegea kwenye bomba la intakula (kipoza hewa ya turbo) au kifuniko cha oili kisichokaza, kompyuta haijui habari zake, na mchanganyiko hukosa petroli. Fanya jaribio hili: gari likiwa linanguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Injini iliyo nzima itayumba mara moja au kuzimika. Isipojali, kuna tundu lingine kubwa linaloingiza hewa tayari. Pulizia maji ya sabuni kwenye maungio huku ukijaza hewa kidogo kwenye mfumo, injini ikiwa imezimwa, na utayaona mapovu.

Kuhusu kuzimika kwenye matuta, nakuuliza: je, ukiachia mafuta gari lako hupiga ule mluzi ambao vijana wa hapa wanaupenda? Kama vali ya kupumulia, ile inayoachia hewa ya turbo unapoachia mafuta, inatoa hewa nje, hewa hiyo ilishapimwa na petroli yake imeshahesabiwa, kwa hiyo injini huzidiwa na petroli wakati uleule mizunguko inaposhuka. Injini hii ilitengenezwa ili hewa hiyo irudishwe kwenye bomba lililo kati ya kipimo na turbo. Irudishe huko, hata kama mluzi utapotea.

Ukishaziba hewa, safisha vali ya mngurumo wa chini kwa dawa ya kusafishia kabureta, kwangua kutu kwenye athi za manifoldi, maana chumvi ya bahari haizisamehe, kisha uipime taimingi upya TE1 ikiwa imeunganishwa. Usishawishike kuupandisha msingi kupita 10 kwa sababu tu gari linachangamka: ramani ya kompyuta hiyo iliandikwa kwa petroli ya oktani ya juu ya Japani, na injini ikianza kugonga turbo inapokandamiza, pistoni ndizo zitakazolipa.